Kuacha Miraa Baada ya Miaka ya Kukesha Ziwani

Giza likiingia, taa za wavuvi wa omena hutapakaa ziwani mbele ya Port Victoria. Kazi yao ni hadi alfajiri, na wapo wanaokesha kwa miraa au muguka, na Big G na karanga mfukoni. Waendesha bodaboda wa usiku nao ni hivyo hivyo. Kutafuna kila siku kwa miaka kunauchosha mwili, lakini anayeacha hupata nafuu akijua la kutarajia.

Madhara mwilini

Majani hayo yana kathinoni, kemikali ya jamii moja na amfetamini. Huuendesha moyo mbio, hupandisha presha, na kufukuza usingizi na hamu ya kula. Baada ya miaka, choo huwa kigumu hadi bawasiri, fizi huuma na uzito hushuka. Anayekunywa pombe asubuhi ili kuua stimu hujiongezea uraibu wa pili.

Siku za kwanza

Tarajia uchovu mzito, usingizi mwingi, njaa, huzuni, hasira na ndoto za kutisha. Wiki ya kwanza kwa kawaida ndiyo ngumu zaidi. Hamu ya kutafuna inaweza kukurudia kwa wiki kadhaa. Lala kadiri mwili unavyodai. Usiingie ziwani usiku wala usibebe abiria, kwa maana kusinzia kazini kunaua. Kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa kwa miezi kadhaa kuanzia Aprili. Huo ni wakati mzuri wa kuanza.

La kufanya

- Pima presha. Ikiwa 140/90 au zaidi, rudi upimwe tena.
- Mweleze daktari ukweli wote. Kama unakunywa pombe kila siku, unameza dawa za usingizi, au umeandikiwa dawa za kuchangamsha, usiziache ghafla bila ushauri wake.
- Kunywa maji mengi yaliyochemshwa. Kula sukuma wiki, maharagwe na matunda ili choo kilainike. Epuka vinywaji vya kuongeza nguvu.
- Jioni kaa mbali na kijiwe cha watafunaji, na umwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba umeacha.

Usingoje kesho

Maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kusikia sauti zisizokuwepo au mawazo ya kujiua: nenda hospitali iliyo karibu mara moja. Kwa rufaa, Kisumu kuna Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Kwa ushauri kuhusu uraibu, piga 1192, simu ya NACADA isiyo na malipo.

Nawe mwenye mtumbwi, mvuvi wako akiacha miraa, usimfukuze kwa kuwa anasinzia. Mpe kazi ya mchana ufuoni, aanike omena na kushona nyavu, hadi nguvu zimrudie.