Nyayo za Maji Sakafuni

Mwanangu alipofika miaka mitatu, kila aliyepita barazani kwetu alikuwa na neno juu ya miguu yake. Vidole vinatazamana, akikimbia anajikwaa mwenyewe. Shangazi akashauri nimbadilishie viatu, cha kulia avae kushoto. Nami nilivalishwa hivyo utotoni, na leo nina miaka 38, vidole vingali vinatazama ndani!

Daktari wa mifupa alinifundisha kwanza kutafuta mguu unapindia wapi. Kwa mtoto mchanga, mara nyingi ni unyayo wenyewe, umejikunja kama ndizi. Akianza kutembea, ni muundi. Kuanzia miaka mitatu hivi, ni mfupa wa paja. Mtazame magoti anapotembea: yakielekea mbele huku vidole viko ndani, chanzo kiko chini ya goti, nayo yakitazamana, chanzo ni juu, kwenye paja.

Kwa mwanangu, chanzo ni paja. Ndiyo maana hukaa mkekani makalio chini, miguu imetupwa nyuma kila upande. Nilikuwa nikimkemea mchana kutwa hadi nilipoelewa kwamba anakaa hivyo kwa kuwa mifupa yake inamruhusu. Mkao haukuleta tatizo. Siku hizi namsogezea kigoda, basi.

Viatu vya kunyoosha nilinunua jozi moja, ghali. Usinunue. Havigeuzi mfupa wa paja. Mtoto huzaliwa na msokoto wa takriban nyuzi 40 pale, nao hupungua wenyewe hadi kama 15 anapokua. Wengi huwa wamenyooka kufikia miaka kumi.

Kazi yangu ni kupima. Kila miezi sita nachora mstari wa chaki kwenye sakafu ya saruji, anachovya miguu kwenye beseni, anatembea, napiga picha kabla maji hayajakauka. Fanyeni kama mchezo, maana akijua anakaguliwa atatembea kama askari wa gwaride. Ukiona mguu mmoja tu ndio unaopinda, au anachechemea, analalamika maumivu, au picha mpya ni mbaya kuliko ya zamani, mpeleke kwa daktari. Unyayo wa mtoto mchanga usionyooka ukiusukuma taratibu kwa kidole usiusubirie. Plasta ya kuunyoosha hufanya kazi vizuri zaidi miezi ya mwanzo.

Sisi tuliobaki na msokoto wa paja ukubwani, mazoezi hayatageuza mfupa. Upasuaji wa kuukata na kuuzungusha upo, lakini ni wa wachache wanaosumbuka kweli. Mimi magoti huniuma nikishuka ngazi nyingi, kwa hiyo naimarisha misuli ya nyonga: nalala ubavu, magoti nimeyakunja, visigino vimegusana, nainua goti la juu polepole. Mara kumi na tano kila upande, jioni. Maumivu yamepungua, mwendo ni ule ule.

Juzi mtoto alidai na mimi nichovye miguu. Nikapita juu ya chaki. Akainama, akazikagua nyayo zangu, akaniambia nirudie, nimekosea.