Nani Anayesema? Nafsineni katika Nyimbo za Kuchekesha za Nairobi na Kazi ya Mwimbaji wa Ridhaa

Makala haya yanazungumzia nyimbo ambazo wanachama wa chama chetu huziimba kwa furaha katika hafla za jioni, kisha huziacha mlangoni waingiapo darasani: nyimbo za kuchekesha na nyimbo za jukwaani. Mada yenyewe ni finyu. Tunauliza ni nani hasa anayesema katika wimbo wa kuchekesha, na mwimbaji wa ridhaa, yaani yule aimbaye kwa mapenzi tu bila ujira, afanye nini ili msemaji huyo asikike. Swali limechochewa na mjadala ambao hauishi baina yetu. Je, mwanafunzi wa Kiswahili anapouimba wimbo wa zamani wa Nairobi mbele ya wahadhiri wake, ausanifishe? Wapo wanaoshikilia kwamba ni lazima, kwa hoja kuwa chama cha Kiswahili hakiwezi kuonekana kikisambaza lugha mbovu. Mwandishi wa makala haya ana maoni tofauti, na sababu zake si ulegevu wa sarufi.

Katika uhakiki wa ushairi tumezoea kumtenga mtunzi na nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi. Tunapofika kwenye wimbo, watu huwa watatu: mtunzi, nafsineni na mwimbaji. Kichekesho huzaliwa katika pengo lililopo kati ya jinsi nafsineni anavyojiona na jinsi hadhira inavyomwona. Yeye hajui kwamba anachekesha. Akijua tu, kicheko kimekwisha. Ndiyo maana mwimbaji anayecheka mwenyewe katikati ya ubeti huwanyima wasikilizaji haki yao.

Tuchukue mfano wa "Sina Makosa" wa bendi ya Les Wanyika, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika. Wengi huuchukulia kuwa wimbo wa mapenzi, na gitaa lake tamu limechangia dhana hiyo. Hata hivyo, tuyatazame maneno. Mwanamume amekasirikiwa na mwenzake kwa ajili ya mwanamke. Anajitetea kuwa chuki hiyo haina msingi, kwa sababu mwanamke anayegombaniwa si wa yeyote kati yao, na kila mmoja wao ana mwenziwe nyumbani. Utetezi gani huu? Kila hoja anayoitoa inazidi kumtia hatiani. Anadhani anasafisha jina lake, kumbe anaongeza mashtaka, na anayesahauliwa kabisa katika kesi hii ni yule aliyeko nyumbani. Hiki ni kinaya cha hali ya juu. Kama nafsineni huyu angepatikana katika tamthilia ya darasani, angeandikiwa tasnifu.

Ni muhimu kutambua kwamba lugha ya wimbo huo haina kasoro ya kuchekesha. Bendi yenyewe ilikuwa na mizizi Tanzania, na Kiswahili chake kinatiririka. Kwa hiyo, wale wanaodai kuwa nyimbo za Nairobi huchekesha kwa sababu tu ya Kiswahili kibovu hawajasikiliza vizuri. Kinachochekesha ni mtu.

Mfano wa pili ndio uliozua ubishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Gabriel Omolo alivuma kote Afrika Mashariki kwa wimbo wa "Lunch Time". Unawatazama wafanyakazi wa mjini saa ya mapumziko ya mchana: wenye fedha huenda kula, na wasio nazo hutafuta namna ya kuipitisha saa hiyo hadi kazi irejelewe. Anayeijua Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi. Apite Bustani ya Jeevanjee saa saba mchana, katikati ya mwezi, aone ni wangapi wamejilaza na ni wangapi wanaoshika chakula mkononi.

Basi mwenzetu mmoja alipendekeza kwamba maneno ya Kiingereza yaliyo katika jina la wimbo huo yaondolewe na mahali pake paimbwe "wakati wa chakula cha mchana". Tuache kwanza kwamba mizani 11 haiwezi kuketi pale palipokuwa na silabi mbili. Tatizo kubwa ni la kisemantiki. "Chakula cha mchana" ni jina la kitu kinacholiwa, ilhali "lunch time" katika masikio ya karani wa Nairobi ni jina la saa. Ni saa ya ofisi, saa ya kengele na mlango kufungwa. Saa hiyo hufika kila siku bila kukosa, chakula kiwepo kisiwepo, na wimbo wote umesimama juu ya tofauti hiyo. Mara tu tunapoweka neno "chakula" katika kibwagizo, tumewapa watu wa Omolo sahani ambayo mtunzi aliwanyima kwa makusudi. Isitoshe, karani yule alilipata neno hilo kazini, pamoja na tai na daftari la mahudhurio. Ni sehemu ya mavazi yake. Kumvua Kiingereza hicho ni kumtoa ofisini kabla hajawa na sababu ya kuona njaa kwa heshima.

Mzee mmoja wa mtaa wa Jamhuri, karibu na Barabara ya Ngong, aliyewahi kufanya kazi ya ukarani mjini miaka hiyo, alimsikiliza mwanafunzi mmoja akiufanyia mazoezi wimbo huu. Alimwambia kwamba sauti ni nzuri ila anauimba kama mtu aliyeshiba. Sijakutana na uhakiki mfupi na sahihi kuliko huo. Wengi wetu tulifunzwa kuimba katika makundi ya shule yaliyokwenda kwenye mashindano ya Tamasha la Muziki la Kenya, ambako tulizoea kusimama wima, kutabasamu na kutamka kila konsonanti. Hayo ni mafunzo mazuri kwa kwaya. Kwa wimbo wa Omolo ni sumu. Nafsineni wake anatazama huku na huku kama mtu asiyetaka kuonekana anatazama, na sauti yapasa iwe ya mazungumzo, ikipanda pale tu udaku unapopanda.

Nitapita haraka juu ya Fundi Konde, mmoja wa waasisi wa gitaa la umeme katika eneo letu, na wimbo wake "Majengo Siendi Tena". Jina lenyewe ni kiapo, na kila Mswahili anajua thamani ya kiapo kinacholazimika kutamkwa kwa sauti. Majengo ya Pumwani ilikuwa na sifa zake. Mwimbaji akiamini kiapo hicho kupita kiasi, wimbo huwa mahubiri. Asipokiamini hata kidogo, huwa mzaha mtupu. Aimbe kama mtu anayekiamini leo.

Nyimbo za jukwaani zina tabia nyingine. Wimbo wa Omolo huja na nafsineni wake mzima mzima, ilhali wimbo wa mchezo humwazima nafsineni kutoka katika matukio yaliyoutangulia. Uhusiano huo wa mchezo na wimbo si mgeni kwetu. Huko Unguja, enzi za Siti binti Saad, maonyesho ya taarab yaliambatana na vichekesho vilivyoitwa natiki, neno lenye asili ya Kihindi. Hapa Nairobi kuna Jumba la Kitaifa la Maonyesho, lililofunguliwa mwaka 1952, hatua chache kutoka chuo kikuu. Februari 1982, kundi la Kamiriithu lilifika pale kufanya mazoezi ya *Maitũ Njugĩra*, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o uliojaa nyimbo za lugha mbalimbali za Kenya, likakuta milango imefungwa. Mazoezi yakahamia chuo kikuu na watu wakamiminika kuyatazama hadi nayo yakapigwa marufuku. Tukumbuke kuwa waimbaji wale walikuwa wakulima na wafanyakazi, waimbaji wa ridhaa hasa. Hawakuzuiwa kwa sababu ya kukosea noti. Miaka mingi baadaye, mwaka 2009, Eric Wainaina alipeleka mchezo wake wa muziki *Mo Faya*, unaosimulia maisha ya kitongoji cha Nairobi, hadi New York.

Anayeung'oa wimbo kutoka katika mchezo wa aina hiyo ili auimbe peke yake kwenye hafla ana deni la kulipa kwanza. Hadhira haijui nani ametoka kugombana na nani, wala nani amesimama nyuma ya mlango. Sentensi mbili au tatu za utangulizi zatosha, mradi zisemwe kwa sauti ya mhusika, si ya mhadhiri. Nimewahi kusikia utangulizi wa dakika saba kwa wimbo wa dakika tatu. Wapiga ngoma walikuwa wamekwisha kuketi.

Limebaki swali ambalo mwanachama mmoja wa kike aliliuliza na halikupata jibu la kutosha: je, mwanamke aweza kuimba "Sina Makosa"? Kiswahili kinamruhusu, kwani viwakilishi vyetu havibagui jinsia, na marekebisho anayoyahitaji ni machache mno. Lakini nafsineni hubadilika. Mwanamume akijitetea kwamba kila mmoja ana wake nyumbani, hadhira ya Nairobi hucheka na kumsamehe. Mwanamke akitoa utetezi uleule, kwa maneno yaleyale, ukumbi hunyamaza kwa muda kabla ya kucheka, na baadhi ya wanaume huangalia chini. Ningependekeza auimbe bila kubadilisha lolote zaidi ya yanayolazimika, polepole kidogo kuliko sahani ya santuri, na asiwahurumie katika ule ukimya.