Ubuyu mweupe: kuuchagua, kuuloweka na kuuhifadhi

Kwenye meza ya muuza ubuyu kuna vitu viwili vyenye jina moja. Upo ubuyu mwekundu, unaong'aa kwa sukari, rangi na iliki, ambao watoto hurudi nao nyumbani ndimi zimeiva. Huo ni peremende. Ule kwa raha yako, ila mwenye kisukari aupishe. Upo na ubuyu mweupe, kama ulivyotoka kwenye buyu, na huo ndio wa kuzungumzia hapa, maana ni rahisi kuuziwa mbovu.

Utaujuaje mzuri? Tunda la mbuyu hukaukia ndani ya ganda lake likiwa lingali mtini, jambo lisilowezekana kwa embe wala chungwa. Basi tafuta ukavu kwanza. Ukinunua buyu zima, ganda liwe gumu, lenye vinyweleo laini kama mahameli, bila ufa wala tundu la mdudu. Likipasuliwa, nyama yake iwe nyeupe au rangi ya maziwa, ivunjike kama chaki. Nyuzi nyekundu zilizopita katikati ni za kawaida, usimlaumu muuzaji. Lakini nyama ikishageuka kahawia na kushikana kama udongo, unyevu umeingia. Ukiona ukungu, liache kabisa. Kuchekecha hakuondoi sumu ya ukungu.

Ununue wenye mbegu au unga? Bei hupanda na kushuka kwa msimu, na karibu na miti yenyewe, kama Dodoma, Kondoa au Kilifi, huwa nafuu. Piga hesabu kabla ya kutoa pesa: katika ubuyu wenye mbegu, zaidi ya nusu ya uzito ni mbegu, kwa hiyo kilo moja haikupi hata nusu kilo ya unga. Mimi hununua wenye mbegu hata hivyo, kwa kuwa unga wa kopo sijui umechanganywa na nini. Utwange polepole kwenye kinu, mbegu zisipasuke, kisha uchekeche.

Mbona ni mchachu hivyo? Una asidi, yaani vitu vinavyoleta uchachu, na mojawapo ni ileile ya limau. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH: maji safi ni 7, na namba ikishuka uchachu unazidi. Ubuyu huwa karibu na 3.3, limau limeuzidi. Kwa sababu hiyo usilaze juisi yake kwenye sufuria ya alumini, kwani asidi huila. Tumia chombo cha udongo, kioo au plastiki safi. Ukishakunywa, sukutua kwa maji kulinda meno.

Na ile sifa ya vitamini C? Ni ya kweli, ila hutiwa chumvi. Gramu 100 za unga huweza kuwa na miligramu 150 hadi 500, kutegemea mti na jinsi ulivyotunzwa. Chungwa lina kama 50. Lakini chungwa limejaa maji, na hakuna anayekula gramu 100 za unga mkavu kwa mkao mmoja. Kijiko kimoja cha gramu 10 kitakupa miligramu 15 hadi 50, na mtu mzima anahitaji kama 45 kwa siku. Kuhusu kuongeza damu, kazi ya vitamini hiyo ni kuusaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha. Kwa hiyo unywe pamoja na mlo.

Vitamini C huharibiwa na moto. Chemsha maji peke yake, yaache yapoe, ndipo uloweke. Vijiko viwili kwa glasi vinatosha. Juisi itakuwa nzito kidogo: ni pektini, utomvu uleule unaogandisha jemu. Kwenye uji, tia ubuyu baada ya kuepua.

Unga uliobaki uweke kwenye chupa kavu yenye mfuniko wa kubana, kabatini, mbali na jua na mvuke wa jiko. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu. Tone moja la maji linatosha kuleta mabonge. Mbegu nazo usizitupe. Zioshe, zianike, uzikaange, kisha uzibangue. Kiini chake kina mafuta na huliwa kama karanga.