SOMO LETU: MERCEDES KUUKUU YA MENEJA



Somo la safari hii ni juu ya motokaa za kifahari zilizokwisha kutumika. Wengine watauliza: jambo hilo linamhusu nini mchuma chai au mtu wa mashine ya sukari? Linamhusu. Makampuni yanapobadilisha magari ya mameneja, mara nyingi yale ya zamani huuzwa kwa wafanyakazi, na bei yake hukatwa kwenye mshahara mwezi kwa mwezi. Tena vikundi vyetu vya akiba hununua Mercedes kwa nia ya kuikodisha harusini. Zamani mwenye gari hilo tulimwita Mbenzi. Sasa gari la Mbenzi linashuka mpaka kwetu, lakini linashuka pamoja na magonjwa yake.

1. Hesabu kabla ya gari

Shika kanuni hii: bei ya gari hushuka kila mwaka, bei ya spea haishuki. Mercedes iliyokwisha kuzeeka huweza kupatikana kwa bei ya Corolla. Lakini giaboksi yake, breki zake na kompyuta zake bado ni za gari la tajiri.

Tuchukue mfano. Wafanyakazi wanne wananunua gari kwa shilingi 12,000,000 za Uganda. Kila mmoja anabeba 3,000,000, yaani kukatwa 125,000 kwa miezi 24. Gari likifa mwezi wa tatu, wanabaki na miezi 21 ya kulipia chuma kilicholala.

Mfano huo si wa kubuni tu. Katika kiwanda kimoja nilichohudumia, ndugu wanne walinunua gari la meneja kwa njia hiyo hiyo. Halikumaliza miezi miwili, giaboksi ikagoma. Tulipolipeleka shauri kwa wakubwa, walitoa karatasi yenye sahihi za ndugu wale: gari limeuzwa "kama lilivyo". Baadaye dereva wa kampuni alitueleza kwamba giaboksi ile ilikuwa ikitetemeka tangu mwaka uliotangulia, na gereji ya kampuni ilikuwa imeandika hivyo kwenye daftari lake. Dereva yule ni mwanachama wetu. Fundi wa gereji pia ni mwanachama wetu. Hakuna aliyewauliza. Makato yaliendelea mpaka senti ya mwisho.

Basi mtu wa kwanza kumwendea si mwuzaji. Mwendee dereva, kisha fundi.

2. Jua ni gari la namna gani

Tuchukue Mercedes ya daraja la E inayojulikana kama W211, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo hata zile za mwisho haziwezi kuingizwa tena. Zinazouzwa Kampala au Jinja zimekwisha kula vumbi letu. Maana yake watu waliozitunza wapo humu humu. Watafute.

Magonjwa yake makubwa ni haya:

Breki. W211 za kabla ya mabadiliko ya 2006 zina breki za umeme ziitwazo SBC. Pampu yake huhesabu kila unapokanyaga pedali. Idadi iliyowekwa ikitimia, taa nyekundu huwaka na pampu hutakiwa kubadilishwa. Wapo wajanja wanaorudisha hesabu nyuma kwa kompyuta ili taa izimike, lakini pampu inabaki ile ile iliyochoka. Onyo kwa mafundi: pampu hii huweza kujikaza yenyewe mlango ukifunguliwa, na vidole vilivyo kwenye breki vikapondwa. Izimwe kwanza kwa kompyuta ya gereji kabla ya kugusa pedi.

Springi za upepo. Baadhi ya magari haya hayana springi za chuma, yana mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Mpira ukizeeka hupasuka, gari hulala chini usiku, na kompresa inayojaza hewa huungua kwa kazi nyingi.

Giaboksi na radieta. Oili ya giaboksi hupozwa ndani ya radieta. Baadhi ya radieta za miaka ya kwanza zilivuja kwa ndani, maji yakaingia kwenye giaboksi na kuiua.

Injini. Baadhi ya injini za petroli za silinda sita ziitwazo M272, zilizotengenezwa kabla ya 2008, zina gia moja ndani ambayo meno yake hulika mapema. Kuibadilisha ni lazima injini ishushwe. Ile ya silinda nne yenye kompresa, iitwayo M271, mnyororo wake wa ndani huweza kurefuka na kuruka meno.

Ukiweza kuchagua, chukua lenye springi za chuma na lililotengenezwa baada ya mabadiliko ya 2006.

3. Ukaguzi wa asubuhi

Nenda asubuhi na mapema, na umwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna jambo linalofichwa, rudi siku nyingine.

Kwanza, simama mbali ulitazame. Kama pembe moja imelala kuliko nyingine, springi za upepo zinavuja.

Pili, fungua kifuniko cha oili ya injini. Ukikuta utando mweupe kama maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili. Fungua chupa ya maji ya radieta. Mafuta yakielea juu, liache gari hapo lilipo.

Tatu, washa ufunguo bila kuwasha injini. Taa zote za onyo ziwake, kisha injini ikiwaka zizimike. Taa ambayo haikuwaka kabisa huenda imeng'olewa makusudi.

Nne, washa injini usikilize. Mlio wa mnyororo unaogonga kwa sekunde chache wakati wa baridi ni dalili mbaya. Tazama moshi: wa buluu ni oili inayoungua, mweupe usiokwisha injini ikipata moto ni maji, mweusi mzito wa dizeli ni nozeli au hewa isiyotosha.

Tano, linganisha mita ya kilometa na mpira wa pedali, usukani na kiti cha dereva. Mita ikisema kilometa 80,000 na pedali imelika mpaka chuma, mita imerudishwa nyuma.

4. Njiani

Liendeshe nusu saa, pamoja na kupanda mlima. Sindano ya joto ipande mpaka mahali pake ikae hapo hapo. Gia zibadilike bila kishindo. Gari likitetemeka kama linapita juu ya matuta madogo, na barabara ni laini, giaboksi ni mgonjwa. Mkirudi, chungulia chini kama kuna matone.

Mwisho lipeleke kwa fundi mwenye kompyuta ya kupimia, asome gari zima, si injini peke yake. Mlipe fundi mliyemchagua ninyi, asiwe wa mwuzaji.

5. Karatasi

Namba ya chesisi iliyo kwenye chuma ifanane na ile ya kitabu cha gari. Jina la mwuzaji liwe ndilo lililosajiliwa. Uliza kama gari limewekwa rehani benki.

Juu ya makato, Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949 unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya chama au uamuzi wa usuluhishi. Huko Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu jumla ya makato izidi theluthi mbili ya mshahara. Kabla ya kutia sahihi, mwonyeshe katibu wa tawi karatasi hiyo. Iandikwe bei, kiasi cha kila mwezi, idadi ya miezi, na itakuwaje ukiachishwa kazi kabla deni halijaisha. Daftari la gereji liambatanishwe. Maneno "kama lilivyo" yasikubaliwe kabla ya ukaguzi.

6. Matunzo

Mkishalinunua, mwageni oili ya injini muweke mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha kiwanda. Oili ya giaboksi ibadilishwe pamoja na chujio lake kila kilometa 60,000. Msimsikilize anayesema ni ya maisha. Radieta iwekwe dawa yake, si maji ya mto. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili. Betri isiachwe ichoke, maana umeme ukipungua kompyuta hutoa makosa ya uongo na mtanunua spea msizohitaji. Injini isioshwe kwa maji ya kasi.

Ukinunua spea iliyotumika, kama pale soko la Kisekka, linganisha namba iliyoandikwa juu yake na ya ile ya zamani. Umbo kufanana hakutoshi.

Na kabla gari halijaenda harusi ya kwanza, kikundi kiwe na mfuko wa matengenezo. Fedha za kila harusi zianze kuingia humo, ndipo zigawanywe. Kikundi kisichoweza kuweka mfuko huo kinunue Corolla.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kampuni yetu huuza magari ya zamani kwa masharti gani? Nani aliyeyasoma?
2. Katika tawi letu, ni madereva na mafundi gani wanaoweza kuwakagulia wenzao?
3. Tufanye nini ili daftari la gereji lionyeshwe kwa kila mfanyakazi anayenunua?
4. Mkatwa mshahara akiachishwa kazi, gari ni la nani?