Maziwa kwenye Meza ya Mzee Mwenye Ugonjwa wa Moyo

JUMATANO

Soma Mwanzo 18:8. Mithali 27:27 na Warumi 14:3. Maziwa yana nafasi gani katika mafungu haya? Paulo anawaonya nini wanaotofautiana juu ya chakula?

Ibrahimu aliwaandalia wageni wake maziwa, na Mithali huyahesabu maziwa ya mbuzi kuwa riziki ya nyumba nzima. Lakini mzee anayeugua moyo husikia mashauri mawili: huyu amwambia anywe kwa wingi, yule amwambia ayaache kabisa. Akiyaacha bila kupata kingine badala yake, hubaki na ugali na chai ya rangi, na nguvu humwishia.

Kikombe cha mililita 250 kina takribani gramu 8 za protini na miligramu 300 za kalsiamu, pamoja na potasiamu. Protini hulinda misuli, ambayo hupungua kadiri umri unavyosonga. Kalsiamu huimarisha mifupa. Potasiamu husaidia kudhibiti shinikizo la damu. Hata hivyo, mafuta ya maziwa yaweza kuongeza lehemu katika damu. Basi ni heri kutumia yaliyopunguzwa mafuta. Nyumbani, yachemshwe, yapoe, kisha malai yaenguliwe. Ambaye maziwa humjaza tumbo gesi aweza kujaribu mtindi usiotiwa sukari. Asiyetumia ya ng'ombe aweza kunywa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu.

Mwaka 1905 Ellen G. White alishauri kwamba maziwa yauliwe vijidudu kabla ya kunywewa, na kwamba maziwa na sukari visitumiwe pamoja kwa wingi. Mashauri hayo yanakigusa kikombe cha chai ya maziwa chenye vijiko vinne vya sukari.

Yako pia mambo ya kuangalia. Mgonjwa aliyepimiwa kiasi cha maji kwa siku ahesabu na maziwa ndani ya kiasi hicho. Mwenye figo dhaifu amwulize daktari kwanza. Wala maziwa si badala ya vidonge. Kumwomba Mungu na kumeza dawa havipingani.

Kwa hiyo anayekunywa asimdharau asiyekunywa, na asiyekunywa asimhukumu anayekunywa. Wote wawili wanalitunza hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19, 20).

Maswali ya Kujadili:
1. Je, yupo mzee kanisani kwenu aliyeacha chakula fulani kwa kuogopa maneno ya washiriki? Mtamsaidiaje?
2. Ni nani atakayemtembelea juma hili, na atampelekea nini?