Misuli Baada ya Kuacha Steroidi

Kila siku mwili huvunja sehemu ya protini za misuli na kujenga nyingine mpya. Ujenzi ukizidi uvunjaji, msuli hunenepa, ukizidiwa, hukonda. Msomaji aishike mizani hiyo, kwani yote yafuatayo yamesimama juu yake.

Ujenzi husukumwa na mzigo, yaani kazi nzito inayoukaza msuli, na protini ya chakula, na homoni. Homoni ni kemikali inayomwagwa na tezi kwenye damu ili ipeleke agizo kwingineko mwilini. Testosteroni ni mojawapo, na kwa mwanaume hutengenezwa hasa kwenye korodani. Steroidi za kujenga misuli ni testosteroni yenyewe, au dawa zilizoundwa kwa kuifuata.

Mwaka 1996 Shalender Bhasin na wenzake, nchini Marekani, walitoa matokeo ya wanaume waliodungwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10. Wasiofanya mazoezi waliongeza takriban kilo 3 za mwili usio mafuta. Waliofanya mazoezi ya kunyanyua vyuma, kama kilo 6. Kwa hiyo sehemu ya ongezeko huletwa na dawa, wala si na vyuma, na hiyo ndiyo ngumu kubaki dawa ikikoma.

Sababu iko kichwani. Ubongo hupima testosteroni iliyomo kwenye damu. Ukikuta imejaa, hipothalamasi, sehemu ya ubongo, na tezi ya pituitari iliyo chini yake huacha kutoa homoni zinazoziamuru korodani kufanya kazi, nazo hulala, hata kusinyaa. Sindano zikikoma, haziamki papo hapo: testosteroni ya dawa imekwisha, ya mwili haijarudi. Pengo hili hudumu miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Uchovu, huzuni na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa huja humo, na mizani huelemea upande wa uvunjaji.

Wengi hujibu kwa kuongeza mazoezi maradufu. Huko ni kukosea, kwa sababu mwili wenye homoni chache hupona polepole. Kinachouambia msuli ubaki ni uzito wa chuma kuliko wingi wa seti, yaani mizunguko ya kurudia zoezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuata watu waliofanya mazoezi ya miguu kwa wiki 16, kisha wakayapunguza hadi theluthi, au hata sehemu moja ya tisa, bila kupunguza ukali wake. Vijana walihifadhi misuli yao kwa wiki 32. Hawakuwa watumiaji wa steroidi, lakini kanuni inafaa: shikilia uzito unaoumudu kwa usahihi, punguza seti, lala vya kutosha, na ule protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mayai, dagaa na maharage vinatosha kuifikisha.

Kilo unazopoteza wiki za mwanzo zisikutishe, maana nyingi huwa ni maji.

Kinachostahili hofu ni kurudia sindano ili kuliziba pengo, kwa kuwa kila dozi mpya huzilaza korodani upya. Nenda hospitali, mweleze daktari ulichotumia bila kuficha, na upimwe testosteroni asubuhi, wakati kiwango chake kiko juu.