Kinga Inapougeukia Ubongo: Mafunzo Matano Niliyopata Maabara

Nilisomea elimu ya kinga Ujerumani, kwenye maabara iliyochunguza kwa nini kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo, kama inavyotokea kwa wagonjwa wa multipo sklerosisi (MS). Tuliwakagua kila asubuhi panya tuliowasababishia ugonjwa unaofanana na MS: kwanza hulegea mkia, kisha miguu ya nyuma. Tulichokisaka ni vipokezi, yaani protini ambazo seli za kinga hutumia kutambua, kushika na kupokea ujumbe.

1. Kuwa na seli hatari si kuugua. Seli T zinazotambua mayelini, ala inayofunika nyuzi za neva, zimo hata katika damu ya watu wenye afya. Madhara huja zikiamshwa. Panya wetu walidungwa kipande cha protini ya mayelini pamoja na kichocheo, ndipo siku kama 10 baadaye wakaanza kulegea.

2. Kipokezi kimoja hutambua vitu vingi. Mwaka 1995, Kai Wucherpfennig na Jack Strominger walionyesha kuwa seli T za wagonjwa wa MS zinazotambua mayelini huamshwa pia na vipande vya virusi. Mwaka 2022, utafiti wa wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani ulionyesha kuwa maambukizi ya virusi vya Epstein-Barr huongeza hatari ya MS mara 32. Hata hivyo, watu wazima wengi duniani wanavyo virusi hivyo, na wanaougua MS ni wachache mno.

3. Seli isipofika haidhuru. Ili ipenye kwenye ubongo, seli T hushika ukuta wa mshipa wa damu kwa kipokezi kiitwacho alfa-4 integrini. Mwaka 1992 kingamwili ya kukiziba iliwakinga panya; mwaka 2004 Marekani ikaidhinisha kingamwili ya aina hiyo, natalizumabu, kwa wagonjwa.

4. Mlango ukimfungia mwizi, umemfungia na mlinzi. Natalizumabu iliondolewa sokoni Februari 2005, baada ya virusi viitwavyo JC, kwa kukosa seli T za kuvizuia, kushambulia ubongo wa baadhi ya wagonjwa. Ilirudishwa mwaka 2006 kwa masharti makali.

5. Panya si binadamu. Kuzuia ujumbe wa TNF, protini ambayo seli za kinga hutumia kupashana habari, kuliwasaidia panya. Wagonjwa waliopewa lenasepti, kipokezi bandia kinachonasa TNF, walizidiwa. Matokeo yalitoka mwaka 1999. TNF ina vipokezi viwili: kimoja huchochea uharibifu, kingine husaidia kutengeneza mayelini upya. Lenasepti ilizuia ujumbe wa vyote viwili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiuziwa dawa ya “kuongeza kinga”, uliza kwanza: kinga ipi, dhidi ya nini? Mgonjwa wa MS hakupungukiwa kinga. Na jicho moja likififia ghafla, au upande mmoja wa mwili ukifa ganzi, usikimbilie duka la dawa. Nenda hospitali ukaonane na daktari.